Ubao Ulioandikwa Watu 304

Enzi zetu, kabla simu haijawa mwalimu wa kila mtu, uongo ulikuwa na umri mrefu. Wangu nilikabidhiwa nikiwa na miaka tisa, nikautunza kama cheti cha kuzaliwa. Ulikuwa hivi: wakazi wa mji wetu wakishuka chini ya mia tatu, serikali ya Australia itazima taa, itafunga maji, itakunja barabara kama mkeka, na waliofika mwisho ndio watakaorudishwa wa kwanza walikotoka. Waliofika mwisho tulikuwa sisi.

Aliyeniletea habari hiyo ni dada yangu mkubwa, Yaya Neema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Alikuwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo alijua kila kitu. Ushahidi wake ulikuwa ubao uliosimama pale mji unapoanzia, wenye maandishi meupe: KARIBU GUNDABIRRI, WATU 304.

"Wewe unadhani wameandika kwa kujifurahisha?" aliniuliza. "Kambini walikuwa wanatuhesabu kwa nini?"

"Watupe unga."

"Na asiyehesabiwa?"

"Hapati kitu."

"Basi. Huku wanahesabu mji mzima, bwana. Jiangalie."

Mliokulia kambini mnanielewa, hamna haja ya kucheka. Sisi tulitoka Fizi, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Australia, na siku ya kuhesabiwa kule ilikuwa kubwa kuliko Krismasi. Mama alitusugua uso mpaka ukang'aa kama sufuria, tukapanga foleni kabla ya jua, tukachovya kidole kwenye wino, na hakuna aliyethubutu hata kwenda kujisaidia asije akakosekana kwenye orodha. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo ukimwonyesha ubao wenye namba, unategemea nini?

Gundabirri yenyewe ilikuwa na barabara moja, nayo ilikuwa pana ajabu, ungeweza kugeuza meli. Kulikuwa na posta, duka la mikate lenye pai za nyama zilizounguza ulimi mpaka Jumatano, baa yenye roshani ya chuma kilichosokotwa kama lesi, na maghala ya ngano ya zege marefu kiasi kwamba mawingu yaliyazunguka kwa adabu. Vumbi lilikuwa jekundu, nzi walikuwa na heshima ya wenyeji, na jioni kasuku wa rangi ya waridi walitua kwenye nyaya za umeme wakipiga kelele kama kwaya isiyo na mwalimu. Baba alifanya kazi kwenye machinjio ya kondoo. Mama alipanda muhogo nyuma ya nyumba apate sombe, yaani kisamvu, baridi ikauua, akapanda tena, ukafa tena. Mpaka leo hajausamehe udongo ule.

Mwanahistoria wa mji alikuwa jirani yetu, aliyeitwa Len, dereva wa basi la shule. Watoto wa pale walimwita Len tu, lakini Mama alipotusikia alituvuta masikio. "Mtu mwenye mvi mnamwita jina tupu, kama mbuzi?" Tukamwita Babu Len. Baada ya mwezi mmoja mji mzima ulikuwa unamwita Babu, wakidhani ni jina la utani la Kifaransa.

Babu Len alitusimulia kwamba waliouanzisha mji walikuja kutafuta dhahabu, wakachimba mashimo ya kutosha kuzika milima, wasipate hata ya kuziba jino. Wakaona haya kurudi kwao mikono mitupu, wakapanda ngano. Kabla yao walikuwepo wenye nchi, ambao jina Gundabirri ni la lugha yao, na hao, alisema akishusha sauti, kwa muda mrefu hakuna aliyejali kuwaandika kwenye hesabu yoyote. Yaya Neema alinikanyaga mguu. Umesikia? Hata waliozaliwa hapa wanaweza kuachwa nje ya hesabu.

Basi tukaanza kazi ya kulinda idadi.

Mji ulijaa wazee, na kwa macho yetu Babu Len alikuwa na miaka mia moja na kumi, angeweza kuanguka wakati wowote na kuondoka na nafasi moja. Akipanda ngazi kusafisha mifereji ya bati, mimi nashika mguu mmoja wa ngazi, Yaya Neema anashika mwingine. Akiwasha sigara, tunakohoa mpaka anaizima kwa huruma. Vikongwe tuliwavusha barabara ambayo gari lilipita mara mbili kwa siku, wengine hawakuwa hata na safari ya kwenda ng'ambo. Mke wa mwoka mikate alipokuwa mjamzito, tulimbebea kikapu kila alikokwenda.

Sifa zikamfikia Mama. Watoto wako wana malezi, mama, hatujawahi kuona! Alirudi nyumbani akafunga mlango, akatukazia macho.

"Mmevunja nini?"

"Hatujavunja kitu, Mama."

"Watoto wangu mimi wanabebea watu vikapu bila kutumwa? Semeni mapema, kabla sijaambiwa na wazungu."

Halafu mwaka ukatugeuka. Bibi wa posta alifariki. Kanisani watu walilia kwa staha, ila mimi na Yaya Neema tulilia kama tuliofiwa na mama mzazi, maana tulikuwa tumebaki mia tatu na watatu. Wiki tatu baadaye fundi wa matrekta akapata kazi jijini, akapakia mke, watoto watatu na mbwa.

"Mia mbili tisini na wanane," alisema Yaya Neema.

"Na mtoto wa mwoka mikate?"

"Wa tumboni hahesabiwi."

"Na mbwa alikuwemo kwenye hesabu?"

Usiku ule nilisikia Mama akiimba jikoni, akifunga unga kwenye mfuko usiingie wadudu, na nikawaza kwamba hajui. Alikuwa ameshapanda muhogo mara ya tatu. Nikaapa hawatampandisha tena lori la wakimbizi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu ya mpira wao ule wenye umbo la yai, na mji mzima ulikuwa uwanjani. Tuliingia kwenye banda la Babu Len, tukachukua kopo la rangi nyeupe na brashi yenye manyoya manne, tukakimbia hadi kwenye ubao. Nilimpanda Yaya Neema mabegani. Huku mlangoni mwa mji magari yangeweza kutokea dakika yoyote. Nikapiga mstari mmoja tu katikati ya sifuri.

WATU 384.

Kwa mchirizi mmoja nilikuwa nimezalisha watu themanini, bila mkunga. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeokoa nchi. Yaya Neema alikuwa na rangi kwenye nywele, mimi kwenye shati la shule, na Mama alituchapa kwa ajili ya shati. Jioni Babu Len alipita, akatazama nywele za Yaya Neema kwa muda mrefu, akasema, "Naona mji wetu umekua ghafla," akaenda zake. Tulijua ametuelewa, ila kwa nini hakutushtaki hatukujua. Ubao ukabaki vile, nasi tukalala usingizi wa watu themanini.

Nilipofika miaka kumi na tano Baba alipata kazi jiji kubwa, tukaondoka wote sita, Baba, Mama na sisi watoto wanne. Nilipita mbele ya ubao nikainamisha kichwa. Baadaye nilimfuata mke wangu huku Stockholm, na sasa naishi Hallonbergen, nimemaliza masomo ya jioni, cheti nimekitundika sebuleni mahali ambapo hata mgeni anayekwenda chooni lazima akione. Pamoja na cheti hicho, mpaka leo nikipita kwenye ofisi yoyote yenye namba ukutani, moyo bado huniruka.

Wanangu hawajui raha hii. Stesheni yetu ya treni ina kuta zilizochorwa michoro ya watoto, mabibi wenye miguu mitatu, majua yenye meno. Nilimwambia binti yangu kwamba michoro ile husogea kila ukipepesa macho. Sisi tungeamini mpaka tuoe. Yeye alitoa simu, akapekua, akanijibu kwa Kiswidi chake cha kunyoosha mambo, "Det stämmer inte, pappa." Si kweli, baba. Sekunde tisa! Uongo niliouandaa njia nzima kutoka Skärholmen, upande wa pili wa jiji, ukafa ukiwa mchanga. Wanajua kila kitu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika ngazi ya mzee wa watu akiamini kwamba ameshika mji.

Jumapili moja mwezi uliopita, tukijiandaa kwenda kanisani, Yaya Neema alinipigia simu ya video. Alikuwa Gundabirri, amekwenda kutembea. Alinionyesha barabara, maghala, na shule yetu, ambayo sasa ni stoo ya sufu. Ilifungwa miaka miwili baada yetu. Halafu akageuza simu, nikamwona Babu Len. Kumbe enzi zile alikuwa na miaka sitini na moja tu.

Nikamwungamia yote: namba, hofu, kopo lake la rangi. Alicheka mpaka Yaya Neema akamshika mgongo, kwa mazoea.

"Ubao ule niliuandika mimi," alisema. "Sikumhesabu mtu, nilikisia. Serikali haikujua hata kama upo."

"Kwa hiyo mji usingefungwa?"

"Mji hapana. Shule ndiyo ilikuwa ifungwe kwa kukosa watoto. Ndiyo maana tuliwaandikia barua wanaopokea wakimbizi, tukaomba familia yenye watoto wengi. Wakaletwa nyinyi." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Hakuna aliyetaka kuwarudisha popote. Sisi ndio tulikuwa tunaogopa mtaondoka."