Chenga za Gobori la Baba

Gobori la baba lilikuwa na mdomo mpana wa kuingia ndimu, na kanuni yake sote nyumbani tuliijua kama tunavyoijua Alhamdu: mdomo mpana, chenga, mdomo mwembamba, unga. Baruti ilitoka kwa mhunzi mmoja wa kijiji cha Tunda ikiwa imechanganyika, punje nene na vumbi pamoja, nasi wanawake tuliipepeta kwenye ungo kama mchele. Chenga, yaani zile punje nene, ndizo zilizoingia kwenye mtutu, kwa sababu huwaka taratibu na kuisukuma risasi nzito bila kukipasua chuma. Vumbi lilikuwa la kuwashia tu. Ukimtajia baba habari ya kutia vumbi mtutuni, alikutazama kama umemwalika kula nguruwe.

Chama wakati ule kilikuwa kimoja, na kila mtu alihesabiwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake, ingawa tumbo lenyewe halikuulizwa. Likaja agizo kwamba silaha za raia zikusanywe. Halafu likaja agizo jingine, kwamba turudie mila za mababu. Baba, ambaye nyama yetu yote ilitoka kwenye lile gobori, aliyabeba maagizo yote mawili hadi kwa katibu wa Chama mtaani kwetu Kindu akamuuliza: bunduki niliyorithi kwa babu yangu ni silaha au ni mila?

Katibu alifikiri sana, na kufikiri hakukuwa kazi yake ya kila siku. Mwishowe akaamua kwamba Komisa wa jimbo anakuja kutoka Bukavu, basi gobori lipigwe mbele yake kumkaribisha, bila risasi. Likilia vizuri ni mila, baba atabaki nalo. Lisipolia litachukuliwa, pamoja na mwenyewe, kwa kumwaibisha mgeni wa taifa.

Baba alirudi amenywea. Alituketisha mimi na mama kwenye ungo, akatupepetesha baruti ileile mpaka vidole vikawa vyeusi, kisha akachagua mwenyewe chenga nene kuliko zote. Mama aliuliza kama haifai kubadilisha kitu, maana safari hii hakuna risasi. Baba akamjibu kwamba mtutu haujui kama kuna risasi au hakuna. Lilikuwa jibu zuri sana. Tulilikubali sote, na sote tulikosea.

Siku yenyewe uwanja wa mpira ulijaa. Akina mama wa Chama walicheza na kumsifu Kiongozi tangu asubuhi, jua likiwachoma, hadi Komisa akafika na abakosti yake mpya, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, akapanda jukwaani. Baba alitoka mbele na kanzu nyeupe, akaelekeza mtutu juu, akawasha.

Gobori lilisema fuuu.

Chenga zile zilizoea kusukuma uzito. Zilipokuta njia wazi zilitoka zikiwaka bado, zikaanguka majanini, na moshi mweupe ukaenda moja kwa moja jukwaani ukammeza Komisa. Ngoma zikakatika. Siku zile hakuna aliyecheka kabla ya kujua ni nani ameanza. Tukasikia kikohozi ndani ya moshi, halafu kicheko cha Komisa mwenyewe, na uwanja mzima ukapata ruhusa.

Katibu alimnyang'anya baba gobori akaliinua juu watu walione, akimwita Komisa sitwayeni, yaani raia, kama Chama kilivyotuamuru tuitane.

“Hii haiko bunduki, sitwayeni mukubwa. Njo bomba ya moshi. Haiwezi kuua hata kuku.”

Komisa, huku akipangusa macho, akamuuliza baba kama ni kweli. Mtu aliyeangusha nyati porini Pangi wenzake wakiwa juu ya miti alikuwa na la kujibu, na jibu hilo lingetosha kumfunga.

“Njo vile, mukubwa,” akasema. “Haina nguvu.”

Kisicho na nguvu si silaha, wakamrudishia. Mama alilia kwa furaha njia nzima. Baba alitangulia mbele peke yake, na siku ile hakula.

Haukupita muda akaenda msituni na chenga zilezile, safari hii na risasi mbele yake, akaangusha nyati dume na kumwahi kwa kisu kabla hajakata roho. Kindu harufu ya nyama haihitaji mjumbe. Katibu alifika kwetu kabla chungu hakijaepuliwa, akaketi, akala, akasifu. Kisha akauliza.

“Nyama mukubwa hivi, mulimuua na nini?”

Gobori lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Baba aliliangalia kidogo.

“Mutego, sitwayeni.”

Katibu akampongeza, akisema huo mtego ndio mila ya kweli, si ile bomba. Baba akamwongezea mchuzi. Nami nilimchukia yule katibu kwa moyo wangu wote, huku nimepiga magoti mbele yake nikimmiminia maji ya kunawa.