Kidole Gumba cha Fundi wa Akala

Nilimtukana fundi wa akala mbele ya watu, na akala zake hazikuwa na kosa lolote. Hadi leo nikikumbuka naona haya.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya Kakuma ikiwa bado changa. Mimi ni mzaliwa wa Lodwar, lakini wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale Kakuma mjini, nina mimba ya kwanza, na mdomo ambao mama yangu alisema ulizaliwa siku moja kabla yangu. Fundi alikuwa mkimbizi kutoka Sudan. Aliketi chini ya turubai kando ya laga, ule mto wetu mkavu, akikata matairi ya lori na kuyageuza viatu. Wachungaji waliotoka mbali na mbuzi wao walivaa akala zake, na askari polisi vilevile. Zilikuwa hazifi.

Alikuwa na masharti yake. Hakupima mguu wa mtu ila asubuhi. Ukimwendea alasiri anakufukuza kwa upole: "Kesho. Saa hii mguu imekunywa jua." Asubuhi ukija, anakusimamisha juu ya katoni ya mafuta ya kupikia na kuuchora mguu wako kwa mkaa. Lakini kabla ya kuchora anakubonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, anahesabu kimoyomoyo, anaachia, anatazama. Mimi nilidhani ni tambiko la kwao. Sikuuliza.

Alinipima mimba ikiwa na miezi sita, na akala zikanikaa vizuri ajabu. Ilipofika miezi minane zikaanza kunibana. Nikarudi. Akang'oa misumari ya kamba za mpira, akazilegeza. Baada ya wiki zikabana tena, nikarudi tena, akalegeza tena. Safari hii alinitazama usoni kidogo, lakini nilikuwa na haraka ya kengele ya shule nikaondoka.

Siku hizo nilikuwa nikisifiwa kila nipitapo. "Mwalimu, mimba imekukubali! Tazama mashavu!" Walimu wenzangu, akina mama wa maziwa, wote. Turkana ukame hunyoa mashavu ya kila mtu, kwa hiyo uso wa mviringo ni habari njema. Nami nikajitazama kwenye kioo nikajipenda. Kama miguu imevimba, si nasimama mbele ya ubao kutwa nzima? Si jua? Si wale samaki wakavu wa ziwani, chumvi tupu, niliowala kama nimelipwa? Tena mjamzito gani asiyevimba miguu? Basi kosa likabaki kwa fundi na mpira wake.

Mara ya tatu nilimwendea asubuhi wakati wa mapumziko, chaki ingali mkononi.

"Wewe ni fundi wa nini?" nikamuuliza kwa sauti ya darasani. "Mara tatu! Mpira wako unasinyaa au macho yako ndiyo yamesinyaa?"

Wauza makaa wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alipekua rundo la katoni zake, maana alizihifadhi zote, akatoa yangu na kuniashiria nisimame juu yake. Mguu wangu ulimwagika nje ya mstari wa mkaa pande zote.

"Basi ulichora vibaya," nikasema.

Akapiga goti akanibonyeza. Alipoondoa kidole, shimo likabaki kwenye nyama, shimo la kutosha kuweka punje ya mahindi. Tukalitazama sote wawili.

"Ustaza," akasema, ndivyo alivyowaita walimu wa kike, "asubuhi ukiamka, mguu iko ndogo?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini haikuwa kweli. Siku kadhaa sasa nilikuwa naamka nao vilevile nilivyolala nao.

"Pete yako iko wapi?"

Pete ya ndoa nilikuwa nimeivua kwa sabuni wiki iliyopita.

"Kichwa inauma?"

Kiliuma tangu Jumapili. Nilikuwa nalaumu jua na watoto wa darasa la tano.

Akaanza kukusanya kisu na koleo lake, saa nne asubuhi, wateja wamepanga foleni. "Twende hospitali."

"Ebo! Na darasa langu je?"

"Mke yangu ilikuwa hivi," akasema. "Mguu, kidole, uso. Watu wakasema, ah, huyu mama amekuwa mzuri. Tulikuwa njiani tunakuja, hakuna hospitali. Yeye na mtoto, kalas." Akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Hakuna aliyecheka tena. Nilihisi mtoto akigeuka tumboni, na kwa mara ya kwanza niliogopa. Akala zangu nilizokuwa nimevua hazikuingia tena mguuni, kwa hiyo akavua zake, kubwa, akanivisha kwa mikono yake, zangu nikazishika, akatangulia pekupeku kwenye mchanga unaochoma.

Hospitalini muuguzi alinipima presha, akapima tena kwa kuwa hakuamini. Akachemsha mkojo wangu ndani ya kichupa juu ya moto mdogo, ukageuka mweupe kama yai kwenye kikaango. Nami mwalimu, hata katika hofu sikuacha kuuliza.

"Protini ndiyo inayoshika maji ndani ya damu," akanieleza huku akiandika. "Figo zako zinaimwaga kwenye mkojo, na mishipa yako inavuja. Maji yanatoka yanakaa kwenye nyama. Mwingine huvimba kwa sababu moyo umechoka kusukuma, mwingine ini, mwingine njaa. Uvimbe wa kusimama juani ukilala ukainua miguu unapungua. Wako ni mimba imepandisha presha. Tukikuacha hivi, kinachofuata ni kifafa cha mimba."

"Na samaki?"

"Samaki hana kesi hapa, mwalimu. Nani alikuambia uje?"

"Fundi wa viatu."

Akatoka nje kumtazama. Fundi alikuwa amesimama kwenye jua akibadilisha mguu huu na huu, na muuguzi yule, mkali kuliko mimi, akamwambia, "Asante, daktari."

Msafara wa magari yenye askari, kwa ajili ya majambazi wa njiani, uliondoka mchana ule, nikapakiwa mpaka Lodwar. Mama yangu alinikuta kitandani, akanibonyeza shavu na kulia. Baada ya siku mbili za dripu na sindano, madaktari walinianzishia uchungu. Akatoka msichana mdogo kama paka, mwenye sauti ya kengele ya shule. Halafu maji yakaanza kuniaga. Nilikojoa kama ng'ombe wa masika, na siku ya nane nikaviona vifundo vya miguu yangu nikavisalimu: ejok!

Mtoto alipotimiza miezi mitatu nilirudi Kakuma, naye mgongoni. Njia nzima nilikuwa nikiipanga hotuba ya kuomba msamaha. Nilifika chini ya turubai saa tisa alasiri, saa ambayo fundi hapimi mtu, wauza makaa wakasogea kungoja ugomvi, na hotuba yote ikanipotea.

"Akala zangu zinapwaya," nikasema, nikimrudishia zake.

Fundi akanitazama, akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Akanibonyeza mguu mbele ya wote, nyama ikarudi papo hapo. Akang'oa misumari. Kando ya kila kamba palikuwa na matundu matatu. Akaipigilia misumari kwenye lile la kwanza kabisa, nikavaa, zikanikaa.

"Nisamehe," nikasema. "Sikujua."

"Malesh, si neno, ustaza. Watu wengi hawajui."

Nikamfungua mtoto mgongoni nikampa. Akamtazama uso kwanza, kisha vidole. Akaushika mguu ule mdogo, akaubonyeza polepole kwa kidole gumba, akahesabu, akaachia, akatazama.

"Huyu mzima," akasema.

Wateja walikuwa wakingoja. Aliendelea kumpakata, macho kwenye mguu ule, nami mwenye mdomo sikumharakisha.