Dakika Moja ya Mama Maktabani

Mpaka leo nikipita mbele ya ile maktaba natamani kutema mate.

Vitabu walituazima bure. Filamu zilikuwa na ada, kila diski kwa wiki, eti hakimiliki. Nililipa bila kunung'unika, maana katika filamu moja ya masoko ya Bukavu nilimkuta mama yangu akiuza sambaza, visamaki vya ziwa letu. Dakika moja tu. Mama alikuwa ameshafariki, na picha zetu zote zilibaki kwenye nyumba tuliyoikimbia.

Mpiga picha hakumwomba ruhusa. Mama anamgeukia, mkono kiunoni: "We unanipiga foto, na mie utaniachia nini?" Jamaa anacheka, anaendelea kupiga. Mwishoni linapita jina lake na alama ya hakimiliki. La mama halimo. Kinyaa kitupu! Sura ya mama, sauti ya mama, hata samaki wa mama, vyote mali ya yule bwana.

Binti yangu amezaliwa hapa ugenini, mtaa wa Bertrams. Anaelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kizulu. Siku alipomwona bibi yake, Gogo kama anavyomwita kwa Kizulu, aliyarudia maneno yale yote, mkono kiunoni, kwa lafudhi ya Bukavu kabisa. Nikaapa lazima apate nakala yake.

Nilimwomba mkutubi anikatie dakika ile moja. Akanionyesha onyo kwenye kasha: kunakili ni kosa la jinai. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, diski za wizi ziliuzwa mchana kweupe na polisi wakichagua. Lakini mimi naishi kwa karatasi ya ukimbizi, ya kuombwa upya kila mara, na kosa moja la jinai lingetosha kuninyang'anya. Sikurekodi hata kwa simu. Nikawa nalipa, naazima, narudisha, naazima tena.

Siku moja sikuikuta rafuni. Imekwaruzika, mkutubi akasema, tumeitupa. Haiuzwi tena popote, na wao hawakuwa wameweka nakala. Sheria.

Aliponiona nimeishika kaunta kwa mikono miwili, alinihurumia, akainama kuninong'oneza: "Eish, mama, kwa nini hukurekodi tu kwa simu? Si kila mtu anafanya hivyo?"

Nilimchukia. Nikajichukia zaidi, mimi na utii wangu wa kijinga.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameshawasha televisheni. "Gogo yuko wapi?" akaniuliza, akinyoosha mkono apokee diski.