Mstari wa Chaki wa Saa Moja

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kichwa chake mwenyewe hakiamini hata kidogo. Anaiamini chaki. Ukimwambia kiuno chako ni inchi ishirini na nane, anaitikia vizuri tu, halafu anakupima upya, anaandika kwenye daftari, na anapiga mstari wa chaki pembeni mwa meza yake ya kukatia. Mstari ukiwepo, kazi imefanyika. Usipokuwepo, haijafanyika, hata kama wewe unaapa kwamba umeiona ikifanyika kwa macho yako mawili.

"Kichwani mwangu mna watu wengi," huniambia, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni. "Wote wanaongea kwa pamoja. Chaki imenyamaza, ndiyo maana naisikiliza."

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho duka lake. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi imewekwa kona juu ya tofali, na chini ya meza kuna kapu la mabaki ya vitambaa. Humo kapuni ndimo anamoishi Karani. Karani ni paka, dume la rangi ya majivu, aliyepata jina hilo kwa tabia yake ya kukalia daftari la vipimo na kumkazia macho kila mteja kama vile bila yeye hakuna atakayehudumiwa. Alikuja siku moja ya mvua, akaingia kapuni, hakutoka tena. Ni miaka tisa sasa.

Mwaka jana Karani alianza kunywa maji. Sisemi kunywa kwa paka, kulamba mara tatu akaenda zake. Alikuwa anamaliza bakuli zima, kisha anamfuata mtu jikoni kudai jingine. Chakula alikula, tena zaidi ya zamani, lakini uti wa mgongo ulianza kuhesabika. Bibi, yaani mama yake Shangazi, anayeishi humo humo na kulalamika kutoka kwenye kiti kile kile kila siku, alitoa hukumu: "Huyo ana minyoo." Shangazi akampeleka kwa daktari wa mifugo, mimi nikabeba kapu. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alipima damu na mkojo, akarudi akasema ni kisukari.

Nilicheka. Nilidhani kisukari ni cha watu wanaotia vijiko vitano kwenye chai.

"Kwani paka anakula peremende?" niliuliza.

Daktari hakuniona mjinga. Alinieleza kwamba chakula kikishaliwa hugeuka sukari ndani ya damu, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie mwilini. Mlango wa Karani umekwama. Sukari imejazana barabarani huku nyumba zina njaa, ndiyo maana anakula na bado anakonda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza hizo nyumba.

Sindano zikawa mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, baada ya kula, yuniti mbili kila mara. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo daktari aliirudia mpaka Shangazi akaitikia kwa sauti.

"Ukiwa na shaka kama umemchoma, usimchome. Sukari ikipanda siku moja, atavumilia. Ikishuka sana, dakika chache zinatosha kumpoteza."

"Hili litakuwa jepesi kwako," Bibi alimtania jioni ile. "Si miaka yote unashinda na sindano?"

"Kitambaa hakiniangalii usoni, Mama."

Mikono inayotunga uzi bila miwani haikujua pa kuanzia. Mara ya kwanza sindano iliingilia upande huu wa manyoya ikatokea upande wa pili, dawa yote ikaloanisha koti la Karani. Shangazi alitaka kuvuta nyingine, akakumbuka kanuni, akaacha. Asubuhi yake aliibana ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, vile anavyobana kitambaa akitaka kukikunja pindo, na sindano ikapita kimya. Karani aliendelea kulamba sahani. Shangazi aliketi sakafuni, akahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi.

Sehemu niliyoipenda ni kupima. Tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio, ila sikio likiwa la baridi halitoi kitu. Basi Shangazi alipiga pasi kipande cha kitambaa, akakigusisha shavuni mwake kuona kama hakiunguzi, kisha akalifunika sikio la Karani huku mimi nahesabu mpaka thelathini. Anatoboa kidogo tu, tone linachungulia, dogo kama kichwa cha pini, kile kijikaratasi cha kipima sukari kinalinyonya, namba inatokea. Mwandishi wa namba nilikuwa mimi. Siku za mwanzo ishirini na nne. Baada ya wiki sita, kumi na mbili, kumi na moja. Mgongo wa Karani ukaanza kujaa tena.

"Mimi goti likiniuma naambiwa nipumzike," Bibi alisema. "Paka anapigiwa pasi sikio."

Na kila baada ya sindano, Shangazi alipiga mstari wake wa chaki. Wa asubuhi kona ya kushoto ya meza, wa jioni kona ya kulia. Kesho yake anaifuta, anaanza upya. Sote tuliona ni utaratibu mzuri.

Jumamosi moja nilikuwa nimelala kwake. Saa moja asubuhi, mimi nikiwa bado ndani ya shuka, Karani alikula na akachomwa. Chaki ilikuwa haijarudi hata kwenye kopo lake mlango ulipogongwa. Alikuwa mhudumu wa hoteli, kijana mrefu, ana kitambaa cheusi kwapani.

"Fundi, niokoe. Suruali ya kazi imepasuka mahali pabaya, na jioni naingia zamu."

"Pabaya wapi?"

"Fundi, nakuheshimu. Usiniulize."

Nilicheka nikiwa chumbani, usingizi ukaniisha. Shangazi alimpima, akamwambia arudi saa kumi na moja, akatandaza kitambaa meza nzima na kuanza kukata. Alipomaliza, saa tatu, alikikunja kipande kilichobaki akakitupia mgongoni mwa kiti. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nikamsikia anashtuka.

"Jamani! Mtoto wa watu sijamchoma!"

"Una uhakika?" nilimuuliza.

"Meza si hiyo hapo? Njoo uone."

Nilikwenda nikaona. Kona ya kushoto ilikuwa safi, haina hata vumbi. Hakuwa na shaka yoyote, kwa hiyo kanuni ya daktari ilimpita kando. Alimwekea Karani chakula kidogo, akamchoma, akapiga mstari.

Ilipokaribia saa tano, Karani alitoka kapuni. Miguu ya mbele ilikuwa inakuja kwetu, ya nyuma inakwenda kwingine. Alijigonga kwenye mguu wa cherehani, akaanguka ubavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu.

"Kipima! Lete kipima!"

Hapakuwa na muda wa pasi. Shangazi alilisugua sikio kwa kidole gumba na kulitoboa. Namba ilisema moja nukta nane. Nilidhani chombo kimeharibika, maana namba kama hiyo sikuwahi kuiandika. Shangazi yeye hakudhani. Alikuwa ameshapiga simu, ameilaza sakafuni ikiwa na sauti ya juu.

"Asali mnayo?" daktari aliuliza. "Mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Kidogo kidogo, halafu mfunge vizuri mje upesi."

Kabla sijageuka, Bibi alikuwa ameshafika na chupa ya asali, kifuniko mkononi. Sikumwona akiinuka.

"Ulimchoma saa ngapi?" simu ikauliza.

"Saa tatu," alijibu Shangazi, kidole kiko mdomoni mwa Karani.

"Mara moja tu?"

"Mara moja, daktari. Haki ya Mungu."

Alinyoosha mkono wa pili bila kuangalia, akavuta kitambaa cheusi kutoka kwenye kiti ili amfungie paka, akakikung'uta kikafunguka. Katikati ya weusi ule palikuwa na mstari mweupe wa urefu wa kidole, umenyooka kabisa. Kitambaa kilikuwa kimeulalia pale mezani asubuhi nzima, na kilipokunjwa kikaondoka nao.

Shangazi aliutazama. Asali ilikuwa inamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Mara mbili," aliiambia simu. "Nimemchoma mara mbili."

"Sawa," alisema daktari, sauti yake ile ile. "Vizuri umejua. Njooni."

Tulikaa kwenye benchi la zahanati ya wanyama, Karani akiwa chumba cha ndani na dripu mguuni. Shangazi hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la gauni lake.

"Mkono ungeteleza, ningesema umeteleza," aliniambia. "Lakini nilikuwa makini. Unanielewa? Nilikuwa makini kabisa."

Nilikichukua kile kitambaa nikaanza kukitoa manyoya, moja moja, nikiukwepa mstari.

Saa tisa daktari alichungulia mlangoni. "Amekaa kitako. Ananitazama kama nimechelewa kazini."

Hapo ndipo Shangazi alilia, huku anacheka, mpaka mwenye mbwa wa pembeni akatusogezea karatasi za kufutia. Daktari alisema jioni ile Karani asichomwe kabisa, kesho aletwe apimwe kwanza ndipo Shangazi aambiwe dawa kiasi gani. Shangazi alipomweleza habari ya chaki, hakumgombeza. Aliuliza tu, "Alama utaiweka wapi sasa, mama?" Shangazi akasema atafikiri.

Alifikiri njiani, nadhani, kwa sababu tulipofika nyumbani na Karani alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Mhudumu alimkuta anamalizia mshono wa mwisho wa suruali. Aliivaa nyuma ya pazia, akainama, akachuchumaa, akainuka anatabasamu.

"Na kitambaa kilichobaki, fundi?"

"Hicho nakuomba uniachie."

"Cha nini?"

"Cha paka."

Kijana alimwangalia Karani, aliyekuwa juu ya daftari akiwa na mguu mmoja ulionyolewa. Karani naye akamwangalia, hakupepesa.

"Basi achukue," kijana alisema. "Sitaki ugomvi na mkubwa."

Sasa kile kitambaa kimekuwa ukanda mrefu uliopigiliwa misumari miwili kwenye ukuta, karibu na friji ya dawa. Sindano mbili za kushonea kwa mkono zimechomekwa pembeni, zina nyuzi tayari. Uzi mwekundu ni wa asubuhi, mweupe wa jioni. Karani akishachomwa, hata bomba la dawa halijafunikwa, Shangazi anapitisha uzi mara moja. Ule mstari wa chaki uko juu kabisa mwa ukanda. Aliushonea kwa uzi mweupe juu yake, mishono midogo midogo, usije ukapanguka. Nilimuuliza kwa nini anataka kuuona kila siku. Alisema, "Mteja niliyewahi kumchoma kwa pini, kipimo chake sikisahau."

Karani yuko kwenye yuniti moja siku hizi. Wiki iliyopita namba ilikuwa tisa.

Na Bibi, asubuhi, anatoka chumbani anachechemea, leso begani, na kabla hajafika kwenye kiti chake anapaza sauti, "Umeshona?"

"Nimeshona, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chai iko wapi?"