Mbwa Aliyechagua Mkwe

Baba mkubwa wangu alikuwa boi wa mezani kwa Wazungu miaka mingi, na kwa kuwa alishika sahani zao alidhani ameshika na akili zao. Bwana wake wa mwisho aliporudi kwao Ulaya baada ya vita, aliacha kofia ya jua iliyopasuka ukingo, na mbwa. Baba mkubwa akaja navyo mpaka Temeke, kofia kichwani na mbwa kwenye kamba, akizunguka njia ndefu ili mtaa mzima umwone. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu, na mbwa kwetu alikuwa kitu cha kurushiwa jiwe. Wazee wa msikiti walimjia baba mkubwa wakamuuliza vipi anaweka najisi uani. Akawajibu kwamba mbwa wa ulinzi hana neno, na kwa kuwa hilo ni kweli wakamwacha. Kitu alichokuwa akilindiwa mie sikukijua. Labda kuku wa mama mkubwa, labda kinu.

Wakati huo nilikuwa nimeachika. Baba yangu alikwisha kufa, kwa hiyo nilirudi kuishi kwa kaka yake, na asubuhi na alasiri nilikaanga vitumbua mbele ya nyumba. Kwa hiyo kila aliyeingia uani kwetu nilimwona, na mbwa alivyompokea niliona pia.

Mbwa yule alikuwa mwoga wa kudharauliwa. Mgeni akiwa bado mbali, masikio yalisimama na akabweka kwa sauti nene, ukadhani kuna simba ndani. Mgeni akisogea, sauti ilipanda ikawa nyembamba, nywele za mgongoni zikamsimama, naye akabweka huku anarudi kinyumenyume mpaka makalio yakagonga kinu. Hapo alijipenyeza nyuma ya kinu na kuendelea kutukana kutoka huko. Aliwabwekea wenye kanzu, wanawake wenye kanga, muuza maji, na hata bibi yetu mzaa baba, ambaye alikuwa hawezi kuinua fimbo yake mwenyewe. Lakini akija mtu aliyevaa buti, au mwenye bakora kwapani, hakubweka kabisa. Alilala kifudifudi, mkia akaubana katikati ya miguu, masikio yakalala, na mara nyingine akajikojolea palepale. Huyo bwana wa Ulaya alikuwa na buti, na bila shaka alizitumia. Kulijua hilo hakukuhitaji elimu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Baba mkubwa alitazama vilevile akaona mambo mengine. Kwake yeye, mbwa wa Mzungu alikuwa anasoma mioyo ya watu. Aliyebwekewa alikuwa mwizi, mwongo au mchawi. Aliyelaliwa chini alikuwa mtu wa heshima. Akaanzisha desturi ambayo sijaiona katika nyumba nyingine yoyote ya watu wazima: mtu akipiga hodi, haitikiwi karibu mpaka mbwa amalize kusema. Watu waliozaliwa mtaa uleule walisimama juani mlangoni wakabwekewa, na yeye ameketi kwenye kiti chake cha uvivu, kidole juu, akisikiliza. Majirani wengine waliacha kuja. Alisema hao ndio waliokuwa na la kuficha.

Yote hayo yangebaki upuuzi wa kuchekwa kisimani kama nyumbani asingekuwapo binti wa kuozwa. Binti yake, mdogo wangu, alikuwa amefika umri wa kuposwa, na alikuwa na mtu wake moyoni: fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyeshona barazani kwa duka la Mhindi. Mie nilimfahamu kijana yule. Alikuwa mpole, mcheshi kidogo, na suruali akikushonea haikuachi mapaja wazi. Mama yake na mama mkubwa waliitana shoga tangu usichana wao. Kazi ilikuwa ya kusema ndiyo tu.

Kwa desturi yetu mchumba haji mwenyewe kuposa, huja wazee wake na mshenga. Baba mkubwa akataka aje mwenyewe, aonwe. Wazee walidhani ataonwa na baba wa binti.

Akaja alasiri pamoja na mjomba wake, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, na upepo ulikuwepo, ikawa inapepea. Mbwa alipoiona kanzu ile inapigapiga akapata wazimu. Fundi hakukimbia. Alisimama, akaikusanya kanzu yake kwa mikono miwili akaipandisha kidogo, kama Mwislamu yeyote anayekwenda kuswali alasiri na hataki kulambwa na mbwa. Basi. Baba mkubwa, ambaye naye huswali, ambaye kila siku humkwepa mbwa huyohuyo akishatawadha, alimtazama mjomba wa kijana usoni akasema kwamba mtu safi haogopi mbwa. Posa ikarudi na wenyewe. Nilisikia aibu mpaka nikamwaga mafuta ya kukaangia.

Haikupita muda akaja wa pili, nyapara wa makuli bandarini, mkaazi wa Kinondoni, mtu mzima aliyekwisha kuacha wake. Kaptula ya kaki, buti, bakora. Mbwa alimsikia kabla hatujamwona, na kwanza akabweka mara moja. Yule bwana akasimama mlangoni, akapiga buti lake chini, kidogo tu, kama mtu anayekung'uta vumbi. Mbwa akaanguka. Akatambaa kwa tumbo mpaka miguuni pake, akajikojolea, na nyapara akampita bila kumtazama. Mtu asiyemtazama mnyama aliyemlalia miguuni, huyo nikamwogopa mie mwenyewe.

Baba mkubwa alikuwa amesimama. Machozi yalimlengalenga, wallahi. "Mmeona?" alituambia. "Hata mbwa amempa shikamoo."

Jioni ile nilimfuata nikamwambia kwamba mbwa hakumpa mtu shikamoo, mbwa aliogopa, na kwamba anayeogopwa hivyo na mbwa ataogopwa hivyo na mke. Alinijibu kwamba mwanamke aliyeachika hawezi kumpenda mwenziwe aolewe. Mdogo wangu alilia siku nzima. Mama mkubwa alimsihi mumewe mara moja tu, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Sikio la kufa halisikii dawa. Harusi ikafungwa, na baba mkubwa alimfungia mbwa utepe mwekundu shingoni, akawaonyesha wageni kama mshenga.

Miezi ikapita. Mdogo wangu hakuja kututembelea hata mara moja, na kila tulipouliza tuliambiwa mumewe ana kazi. Sikukuu ya Idi baba mkubwa akaamua twende sisi Kinondoni, yeye, mama mkubwa na mimi. Mwenye nyumba alikuwa ametoka. Mdogo wangu alitupokea vizuri, akatutengea kahawa na kaimati, na kidogo kidogo ulimi ukamfunguka. Akawa anatusimulia habari za jirani yake aliyeunguza pilau ya Idi, ameinua mikono kuonyesha moshi ulivyopanda, mama yake anacheka.

Buti zikasikika kibarazani.

Alikata neno katikati. Mikono ikashuka. Aliinuka akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainamisha kichwa, na kanga yake akaivuta ifunike mkono wa kushoto, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuuona. Kuanzia kiwiko mpaka kiganjani ulikuwa mweusi kwa kuvilia damu. Nyapara aliingia, hakumwamkia mkwewe, akauliza tu kahawa hii ameamuru nani.

Baba mkubwa alikwisha kusimama zamani. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lake la kubebea sahani. Akatugeukia sisi wanawake, akamwonyesha binti yake pale ukutani, akasema kwa fahari: "Mnaona alivyo na adabu sasa?"

Mimi nilifungua mdomo nimtukane, na ningemtukana matusi ya Temeke yote. Mama mkubwa akaniwahi. Aliweka kikombe chini polepole, akaenda mpaka ukutani akamshika mwanawe mkono ule mzima.

"Mwanangu, vaa buibui lako," akasema. "Tunakwenda kwetu."

Nyapara alimtazama baba mkubwa, akingoja amzuie mkewe. Baba mkubwa akaanza kuomba radhi. Alisema wanawake hawana fahamu, jua kali, safari ndefu, bwana awasamehe. Tulitoka watatu tukashika njia, mdogo wangu katikati yetu, na hakuna aliyetufuata.

Nilipofika barabarani niligeuka mara moja. Mlango ulikuwa bado wazi. Nyapara alikuwa amekaa, ananyoosha miguu na kula kaimati zetu. Baba mkubwa alikuwa bado amesimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja aambiwe akae.