Na Aliyenunua Pia

Mkono wangu wa kushoto umebaki na gumba na kidole cha shahada. Vingine vilibaki kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Miono, na waliovikata nilikaa nao kiti cha mbele tangu Kerege, tunacheka pamoja.

Nilikuwa dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kilikuwa changu mwenyewe, si cha tajiri. Siku hiyo walikuja kijiweni kwetu wanaume wawili, wakasema wanahamisha vitu vya dada yao aliyeachika, vinarudi kwao Miono. Walikuwa na kitanda, magodoro na kabati la vyombo. Nani atamwogopa mtu mwenye kabati la vyombo? Nilipowaambia mke wangu ni mtu wa huko huko Miono, mmoja akaanza kuniita shemeji, na safari nzima ikawa shemeji huku, shemeji kule.

Tukapita Bagamoyo, tukashika njia ya Msata. Kiwangwa wakataka nisimame wanunue nanasi. Walitoa panga kwenye mizigo, shemeji akalimenya, tukala watatu. Nanasi lilikuwa tamu, siwezi kulisingizia. Panga lililolimenya ndilo lile lile.

Tulipoiacha lami, huyo shemeji akasema moyo unamchafuka, anataka kutapika. Nikasimama. Spana ya magurudumu ilinipata juu ya sikio, nami nikang'ang'ania usukani, panga likashuka kwenye vidole. Watu huniambia nilikuwa jasiri. Ujasiri gani? Mkono ulikuwa umezoea kushika usukani, basi ukashika.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka shamba alinikuta kwenye majani, akanifunga mkono kwa kanga yake, akawa ananisemesha Kikwere nisilale. Maneno mengine nilikuwa nayajua kutoka kwa wakwe zangu. Alikuwa ananitukana. Alitaka nikasirike, na mtu aliyekasirika hafi haraka. Sijaacha kukasirika mpaka leo, na mama yule simlaumu.

Gari lilipatikana, kama mnaweza kuliita gari. Polisi walinipeleka porini upande wa Vigwaza, nikaonyeshwa ganda. Lilikuwa limechinjwa. Ndivyo tunavyosema sisi madereva: gari linachinjwa, kila kiungo kinakwenda kwa mteja wake. Injini hakuna, giaboksi hakuna, milango, viti, taa, saitimira, vile vioo vya pembeni, mpaka kile kioo cha ndani nilichokuwa nachania ndevu. Askari akaniuliza kama nina uhakika ni langu. Nikamwambia hilo tundu la kutu chini ya miguu ya abiria nimeishi nalo miaka, nalijua kama tundu la pua yangu.

Sikuwa wa kwanza. Kabla yangu mwenzetu wa kijiwe alichukuliwa na gari lake, tukamzika bila gari. Kwa hiyo nilipotoka hospitali nikarudi Kerege na bandeji yangu, kijiwe kilikuwa kimechemka. Walikuja madereva wa kirikuu, wa bajaji, wauza chipsi, wake zao. Kila mtu alikuwa na dawa ya wizi wa magari.

"Akamatwe mmoja tu," alisema kijana mmoja mwenye kirikuu kipya. "Tairi na petroli. Wengine watajifunza."

"Utamchoma nani?" nilimuuliza. "Mimi niliyekaa nao sijawaona tena. Wewe utamkamata wa kwanza atakayekuja kukodi gari ana kabati."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Mwingine akasema tuwapige picha wateja wote. Mwingine akasema serikali iongeze vizuizi. Nikamwambia kizuizi tulikipita, askari akatazama leseni yangu, shemeji akamsalimia vizuri kuliko mimi. Hapo ndipo dereva mmoja wa makamo yangu, mwenzangu wa siku nyingi, aliposimama akasema tusome Halbadiri.

Ukizaliwa pwani hii huhitaji kuelezwa. Ni kisomo. Umedhulumiwa, hukumpata mdhalimu, unakwenda msikitini, wanasoma, unamshitaki kwa Mungu. Watu wanaweza wasimwogope hakimu, lakini Halbadiri wanaiogopa, maana wanasema inapofusha, inaua, na humfikia hata aliye nyumbani mwako. Kijiwe kizima kilipiga makofi. Nami nilipiga, kiganja kizima juu ya bandeji.

Tukamwendea mwalimu wa madrasa. Tukamwamkia, akaitikia, akatukalisha kwenye mkeka. Si mtu wa maneno mengi.

"Hiki si kisomo cha kutishia watu," alisema. "Kwanza kinatangazwa. Mwenye cha kurudisha arudishe, mwenye cha kusema aseme. Halafu aliyedhulumiwa mwenyewe anataja nia yake mbele ya watu. Wewe unamshitaki nani?"

Sikuwa nimeyapanga. Yalitoka tu. "Aliyenipiga. Aliyelichinja gari. Aliyenunua. Na aliyejua akanyamaza."

Mwalimu alinitazama, akauliza, "Wote hao?"

"Wote hao."

Ijumaa akatangaza hivyo hivyo, kwa kipaza sauti, mpaka wauza samaki ng'ambo ya barabara wakasikia. Kisomo kingekuwa Ijumaa inayofuata, baada ya swala ya Alasiri. Nilidhani nitakwenda kijiweni nipokelewe kama bwana harusi. Nilikuta watu wanatazama simu zao.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiwe alikuja nyumbani. Alikaa barazani, akasifia mkono unavyopona, akasifia kuku wa mke wangu, akamaliza vya kusifia.

"Kaka," akasema, "kuna neno moja pale."

"Lipi?"

"Hilo la aliyenunua. Aliyepiga, haya. Aliyechinja, haya. Lakini kaka, watu hawalali."

"Wezi hawalali?"

"Acha wezi. Watu wetu. Wana wake wajawazito ndani, wana wazee. Mtu kanunua taa, kanunua betri, alijuaje imetoka wapi? Leo umwombee apofuke?"

"Alinunua wapi?"

Hakuwa na haja ya kusema, maana wote tunanunua sehemu moja. Kuna banda nyuma ya kituo cha mafuta, lina spea za kila gari. Unakwenda leo unasema nataka mlango wa kushoto wa kirikuu, mweupe. Wanakwambia njoo keshokutwa. Keshokutwa mlango upo. Tulikuwa tunaona ni baraka, duka lenye kila kitu. Nilipokuwa nimelala hospitali nimetazama dari ndipo nilipojiuliza: mlango huo juzi ulikuwa kwa nani?

Basi mimi nawataja. Majina nimeyasema polisi, na nikiitwa nitayasema tena. Hapa nataja kazi zao, na anayewajua atawajua. Wa kwanza ni mwenye banda lile, ambaye amehiji, na kila mfungo anagawa tende. Wa pili ni mchomeleaji wake anayefuta namba za chasisi mchana kweupe, watoto wakitazama cheche. Wa tatu ni mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa, ambaye gari lake halikosi spea na hajawahi kuuliza banda lina leseni gani. Na wa nne ni sisi, madereva tunaolia barabarani na kwenda kununua nyuma ya kituo cha mafuta. Shemeji na mwenzake hawakunikata vidole kwa kunichukia. Walikuwa wana oda.

Nilimwambia mwenyekiti neno halitoki. Akavuta pumzi, akatoa lililomleta. Kijiwe kilikuwa tayari kunipa kazi ya kusimamia foleni. Nikae kwenye kiti, nipange nani anapakia sasa na nani baadaye, kila dereva anitolee kidogo. Kazi ya mtu mwenye mkono mmoja. "Lakini madereva wote wakubali," akasema, "na sasa hivi wamegawanyika. Ondoa neno moja tu, kaka. Jumamosi unaanza."

Alipoondoka mke wangu alitoka ndani. Alikuwa amesikia kila kitu, ukuta wetu ni wa udongo.

"Baba, kazi tunaitaka," akasema.

"Najua."

"Unajua, halafu? Mimi nakaanga mihogo asubuhi, nakaanga mihogo jioni. Wewe unakaanga hasira. Tutakula ipi?"

Nilikaa siku mbili nikitafuta jibu. Gari sikuwa nalo, mkono wa gia sikuwa nao, udereva ndiyo kazi pekee niliyoijua tangu niache shule darasa la tano. Nilishafika mahali pa kusema basi, nitaliacha neno, wataadhibiwa waliopiga, inatosha. Simfichi mtu hilo.

Kilichonizuia ni mchele. Jumatano kilisimama kirikuu mlangoni, kikashusha gunia la mchele mzuri wa Mbeya na mbuzi. Kijana aliyetumwa, si yule wa petroli, akasema ni sadaka ya haji mwenye banda, kwa ajili ya chakula cha siku ya kisomo. Kwetu mtu akitoa sadaka ya kisomo haikataliwi, inapokelewa kwa mikono miwili na dua. Nami mikono miwili sina. Niligeuka kumwita mke wangu apokee.

Akatoka, akamtazama mbuzi, akamtazama kijana, akazunguka mpaka mbele ya kile kirikuu. Akagonga taa kwa kidole.

"Hizi mpya?"

"Za mtumba, mama."

"Wapi?"

Kijana akamgeukia mbuzi, akamvuta kamba.

"Mrudishe mbuzi," mke wangu akasema. "Mchele pia. Mwambie haji sisi tutakula mihogo. Kama anataka kusikiliza kisomo, mlango wa msikiti anaujua."

Kijana alibaki kasimama, kamba ya mbuzi mkononi. "Nitamwambiaje haji?"

"Mwambie mke wa aliyekatwa vidole ni mjeuri. Atakuelewa."

Kisha akaingia ndani kuendelea na mihogo yake, na habari ya kazi hakuigusa tena, wala mimi.

Ijumaa msikiti ulijaa. Nilijua wengi wamekuja kusikia kama neno limetoka. Haji alikaa safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mwenyekiti alikaa karibu na mlango. Wanawake walikuwa upande wao wa pazia. Baada ya Alasiri mwalimu akageuka, akaniita, akaniambia nitaje nia yangu.

Niliyataja manne, vile vile, polepole. Nilipofika "na aliyenunua", nikaongeza pia, "awe wa banda, awe wa kijiwe."

Yule kijana aliyetaka tairi na petroli akasema kutoka nyuma, "Na saitimira uliyokuwa nayo wewe, ya kulia? Uliinunua wapi?"

Mwalimu alitaka kumnyamazisha. Nikamwomba amwache, swali lilikuwa zuri.

"Nilinunua banda lile lile," nikasema. "Ilikotoka sijui. Kama ni ya wizi, inikute na mimi. Mwalimu, nisomee na mimi."

Mwalimu akasema kwa upole kwamba kisomo hakilazimishwi. Asiyeridhika na nia hii anaweza kutoka sasa, hakuna atakayemuuliza.

Haji alikuwa wa kwanza. Alisema ana mgonjwa nyumbani. Akainuka na kanzu yake, akapita katikati yetu, watu wakikunja magoti apite. Mjumbe akafuata, yeye hakusema ana nani. Kisha mmoja mmoja, halafu wawili wawili. Kijana wa petroli akatoka. Mwenzangu wa siku nyingi, aliyeleta wazo la Halbadiri, akatoka bila kunitazama. Viatu vilikuwa vimechanganyika mlangoni, ikabidi wainame kwenye jua watafute, kila mtu achukue chake, nasi tuliobaki ndani tunawaona na wao wanajua tunawaona. Mimi nilikuwa nimekwenda polisi mara ngapi kuwataja watu, na leo wanajitaja wenyewe kwa kutafuta ndala.

Tuliobaki tulijaza safu mbili na kidogo. Mwenyekiti alibaki. Alikuwa anatoka jasho, lakini alibaki, na kisomo kilipoanza nilimsikia akiitikia amina kwa sauti kuliko mimi.

Watu huniuliza kama ilimpata mtu. Sijui. Haji anatembea, macho yake yanaona. Shemeji na mwenzake hawajakamatwa. Banda lipo, ila sasa ukienda kuulizia mlango wa kirikuu wanakwambia hawashughuliki na milango.

Jumamosi ile asubuhi nilikwenda kijiweni, nikakaa kwenye benchi la madereva.

"Kaka, ile nafasi wamempa mtu," mwenyekiti akaniambia, macho chini.

"Sikuja kuomba nafasi. Nimekuja kukaa."

Mpaka leo nakaa. Mke wangu ameleta jiko lake hapo hapo, anakaanga, mimi nauza, na mkono wenye vidole viwili unatosha kabisa kushika karatasi ya mihogo. Gari likija na taa mpya nasimama, nalizunguka, namuuliza dereva kanunua wapi. Wengine wananitukana. Wawili watatu wameanza kutoa risiti mfukoni kabla sijauliza, wananionyesha kwa hasira. Wamenipachika jina, wananiita Halbadiri. Wanadhani wananikera. Naitika.