Kiwanja cha Uzee huko Nyangwe

Juma lililopita, katika ofisi ya chifu huko Nyangwe, mwalimu mstaafu aliomba kiwanja cha kumalizia uzee. Baridi ya Bukavu inamuumiza magoti, alisema. Hapa kuna joto, na samaki ni bei ndogo.

Chifu aliinua kalamu. "Sawa, Mwalimu. Nani iko hapa wa kukuzika?"

Mwalimu alivua kofia, akaitazama ndani. "Sina mutu, Chifu."

"Hapa hatupatie kiwanja mutu mwenye hana wa kumulilia."

Mama muuza samaki, aliyekuwa akingoja karatasi yake, akacheka. "Andika mimi, Chifu. Lakini Mwalimu, samaki utanunua kwangu tu!"

Chifu akaandika.

Nami, niliyefuata kwenye foleni, nilikuwa nimekuja kuomba kiwanja. Nilikuwa na majibu yote, isipokuwa la nani wa kunizika. Nikampisha aliyesimama nyuma yangu.